Kilosa hadi Mikumi: Chama Kilichobaki, Miiko Iliyoondoka

Treni ya umeme itokayo Dar es Salaam huiacha milima ya Uluguru nyuma, ikakata mashamba ya mkonge ya Kimamba, kisha ikasimama Kilosa kabla ya kujitosa kwenye mahandaki ya kuelekea Dodoma. Sisi wa Mombasa tunayo treni yetu tangu mwaka 2017 na tuna haki ya kuisifu, lakini ya kwetu hunguruma kwa dizeli. Hii ya Watanzania, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, hupita kimya kiasi cha kumsikia mtu wa kiti cha mbele akiuliza bei ya ufuta kwa simu. Dirishani mkonge umesimama kwa mistari, kisha mistari inapotelea kwenye vichaka. Ni mabaki ya mashamba yaliyokufa baada ya kamba za plastiki kuingia sokoni na bei ya singa kuanguka. Hati za baadhi yake zimefutwa na serikali ili ardhi igawiwe wanakijiji, na ukitazama vizuri utaona mahindi na mbaazi vikiota kati ya mikonge iliyozeeka.

Mji wenyewe ni wa miembe mikubwa na nyumba za bati zilizoshika kutu. Ipo stesheni kongwe ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Upo Mto Mkondoa, ambao wakati wa kiangazi mgeni huuona mchanga mtupu na mkondo mwembamba wa maji, asiamini akiambiwa kwamba ndio uliofurika Desemba 2009 na Januari 2010, ukabomoa tuta, ukang'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwahamishia maelfu ya watu kwenye mahema. Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na stendi alinitajia umri wa mwanawe kwa mafuriko hayo: alizaliwa hemani.

Salamu ndizo zilizonipa kazi ya kwanza ya kulinganisha. Pwani ya Kenya tunaamkiana shikamoo, lakini ukivuka Mariakani kwenda bara neno hilo hupungua, na Nairobi hulisikii ila kwa nadra. Kilosa halina mpaka. Dereva wa daladala aliyesimamishwa na askari wa usalama barabarani, huku akijua anakaribia kuandikiwa faini, alianza na shikamoo. Askari, mtu wa makamo, akaitikia marahaba, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwandikia faini yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilikaa nyuma nikifikiri namna mambo hayo yanavyokwenda kwetu, Changamwe au Mtwapa.

Nilikuwa nimefikia kwa jamaa wa rafiki yangu, na jioni ile ile mwenyeji wangu akaniambia, "Dada, kabla hujalala, twende kwa balozi." Kwetu balozi ni mtu wa suti anayekaa mji mkuu wa nchi nyingine. Hapa balozi alikuwa mzee wa kanzu na kofia ya vito, ameketi chini ya mwembe, na pembeni mwa nyumba yake bendera ya kijani yenye jembe na nyundo za njano imefungwa kwenye mlingoti wa mwanzi. Alitaka kujua ninatoka wapi, nimekuja kwa nani, nitakaa mpaka lini. Akaandika kwenye daftari la shule. Kisha akanikaribisha chai ya rangi, ambayo sisi huiita strungi, na tukazungumza mpaka mbu wakatufukuza.

Mzee huyu ni balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo uliundwa na TANU miaka ya mwanzo ya 1960: kila nyumba kumi ziwe na kiongozi mmoja wa chama, ajue nani amefiwa, nani ana mgeni, nani anapigana na mkewe. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi walibaki kuwa wa CCM, chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na Afro-Shirazi, lakini majirani wa vyama vyote huendelea kuwaendea kwa ugomvi wa mipaka na mambo ya ndoa. Kenya tuliiga. Baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013 serikali yetu ilianzisha Nyumba Kumi na haikuficha kwamba imejifunza Tanzania. Ila kwetu uliletwa kama kazi ya usalama, chini ya chifu na polisi, na katika mitaa mingi niijuayo ukabaki jina. Tulichukua hesabu ya nyumba tukaacha mwembe, kanzu na miaka hamsini ya kuzoeana.

Si kwamba mfumo huu hauna kasoro. Mtu anayeandika mgeni kwenye daftari anaweza pia kuandika nani alivaa fulana ya rangi gani siku ya mkutano, na kijana mmoja wa bodaboda aliniambia wazi kwamba yeye hapendi kuandikwa. Hata hivyo, jambo lililonikaa moyoni ni umri wa kitu chenyewe. Mzee yule aliupata ubalozi kwa kurithi kiti cha mtu aliyekipata kwa mwingine, na wote watatu walikuwa na kadi ya chama kimoja, au cha kilichokizaa.

Nikageuza macho nyumbani. Kibaki alishinda mwaka 2002 kwa NARC, na ilipofika 2007 aligombea kwa PNU, chama cha miezi michache. Uhuru Kenyatta aliingia Ikulu 2013 kwa TNA iliyokuwa ndani ya muungano wa Jubilee, akagombea tena 2017 kwa Jubilee iliyosajiliwa mwaka mmoja kabla. Ruto alishinda 2022 kwa UDA. Marais watatu, chaguzi tano, na kila uchaguzi una fulana mpya. KANU, iliyotawala kuanzia 1963 hadi 2002, imebaki jogoo kwenye karatasi. Mkenya wa miaka arobaini akitaka kulihukumu neno la chama chake la miaka ishirini iliyopita, atakuta chama hakipo, ofisi imekuwa duka la simu, na mwenyekiti yuko chama kingine akikanusha.

Hapa ndipo nilipoanza kulifikiria neno uhafidhina, ambalo magazeti yetu hulitumia zaidi kwa siasa za Marekani na Uingereza. Kwa vitabu, chama cha kihafidhina cha Tanzania ni CHADEMA. Kiliasisiwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiliamini soko na mali binafsi, na kimo katika umoja wa vyama vya mrengo wa kulia duniani ulioundwa London mwaka 1983, Margaret Thatcher akiwa mmoja wa waasisi. CCM, kwa upande wake, katiba yake bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Lakini keti chini ya miembe ya Kilosa usikilize nani anazungumza lugha ya kutunza, ya tuliyoyakuta tusiyavunje, amani, umoja, Muungano, heshima kwa wazee. Ni watu wa CCM. Waliokuwa wanamapinduzi wamekuwa walinzi wa mlango, na chama cha soko huria ndicho kilichodai mabadiliko. Nadhani hili si la kushangaza sana. Mtu huhifadhi alichonacho, na CCM kina nchi.

Swali ni kimehifadhi nini hasa.

Kaskazini mwa mji, ndani ya wilaya hii hii, uko Msovero. Ni mahali padogo, pa mpunga na mahindi, na mgeni asiyejua historia atapita akitafuta maji ya kunywa. Hapo ndipo Novemba 1884 Karl Peters, Mjerumani wa miaka 28, alipopata alama ya Mangungu kwenye karatasi iliyodai kumpa ardhi ya Usagara, na Februari 1885 serikali ya Kaisari ikatoa hati ya ulinzi kwa maeneo aliyoyakusanya hivyo. Watoto wa Tanzania hulijua jina la Mangungu tangu shule ya msingi, na mpaka leo mbunge akitaka kuukemea mkataba wa madini au bandari, hulitaja. Mimi naona mzee huyo anaonewa. Karatasi ilikuwa katika lugha asiyoisoma, mbele ya watu waliokuja na bunduki. Lakini tazama tofauti yetu: Olonana, aliyetia alama yake kwenye mapatano ya mwaka 1904 yaliyowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, sisi tumeipa shule na barabara ya Nairobi jina lake, na wapitao hapo hawaulizi alitia alama nini. Watanzania wamemtwisha Mangungu lawama, na kwa lawama hiyo wamehifadhi kanuni: usitie saini usichokielewa juu ya ardhi isiyo yako peke yako.

Na wilaya ya Mangungu ikampeleka bungeni mwaka 2020 Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria ambaye mwaka 2017, akiwa waziri wa katiba na sheria, aliongoza upande wa serikali katika mazungumzo na kampuni ya dhahabu ya Barrick. Mazungumzo yaliishia mkataba wa Januari 2020 na kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Wapo wanaosema asilimia hiyo ni ndogo kuliko kelele zilizopigwa, nao wana hoja. Lakini Kilosa, wazee hulitaja tukio hilo kwa kiburi cha haki, na sikumkuta aliyeona bahati tu katika Msovero na Barrick kukutana kwenye jimbo moja.

Kabudi anasifika pia kwa Kiswahili chake. Alikuwa waziri wa mambo ya nje Agosti 2019, Jumuiya ya SADC ilipokutana Dar es Salaam na kukubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Nyumbani Kilosa utasikia Kisagara, Kikaguru, Kividunda, na Kimaasai cha Waparakuyo waliovaa lubega sokoni, lakini siasa ina lugha moja. Mikutano ya hadhara ni Kiswahili, Bunge ni Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekitambua kuwa lugha ya mahakama. Kwetu, katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili urasmi sawa na Kiingereza, halafu mswada wa fedha unaompandishia mama mboga bei ya mafuta ukaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwanasiasa wetu huomba kura kwa lugha ya mama akiwa kijijini na kwa Kiingereza akiwa kwenye televisheni. Mkulima wa Rudewa anamwelewa mbunge wake neno kwa neno, na kwa hiyo anaweza kumkamata kwa neno lake.

Amani hiyo ya lugha isimdanganye mgeni kuwa hapajawahi kumwagika damu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji waligombana juu ya ardhi na malisho, na watu 38 wakauawa. Wenyeji hulieleza jambo hilo kwa sauti ya chini na kwa sentensi fupi.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi barabara huelekea kusini, milima ikiwa kulia, na njiani kuna kijiji kiitwacho Ulaya, chenye mbuzi, mihogo na kituo cha bodaboda. Redio ya gari tulilopanda ilipiga Mbaraka Mwinshehe tangu tunaondoka. Kijana huyo wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na niliposema natoka huko, abiria watatu waligeuka kunitazama kana kwamba naleta habari za msiba uliotokea jana.

Mikumi ni mji wa barabara kuu: malori ya Zambia, nyama choma, magunia ya mkaa, nyumba za wageni zenye majina ya wanyama. Siku niliyofika Yanga walikuwa wanacheza, na kila mlango ulikuwa na kijani na njano. Nilishindwa kutofautisha tawi la klabu na tawi la chama, kwa sababu rangi ni zile zile. Klabu, iliyoanzishwa 1935, ndiyo yenye umri mkubwa. Muuza chipsi akanielekeza: yeye ni CCM na ni Simba, mkewe ni Yanga na hana chama. Nilipenda jibu hilo kuliko hotuba nyingi za umoja nilizowahi kusikia. Gor Mahia na Leopards zetu zilizaliwa za Waluo na Waluhya, na hata serikali ya Moi ilipolazimisha Abaluhya kubadili jina, mashabiki hawakubadilika. Simba na Yanga hupita katikati ya kitanda kimoja, wala hazijui kabila la mtu.

Jimbo hili la Mikumi ndilo lililomchagua Joseph Haule, yaani Profesa Jay, mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. Kwa msomaji wa Kenya asiyekumbuka: ndiye aliyetoa "Ndiyo Mzee" mwaka 2001, wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaoitikia kila ahadi. Miaka kumi na minne baadaye alisimama yeye mwenyewe jukwaani kuomba kura. Kenya tulimwona Jaguar akienda bungeni kutoka Starehe mwaka 2017, lakini Jaguar alikwenda na chama cha rais. Jay alikwenda na upinzani katika mkoa wa chama tawala, akakaa miaka mitano, na mwaka 2020 akashindwa na Dennis Londo wa CCM katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia nchi nzima. Vijana wa stendi bado humwita mheshimiwa. Mmoja aliniambia, "Huyu alituimbia ukweli kabla hajataka kura," na kwake hiyo ndiyo kanuni ya siasa.

Mwaka 2025 vijana hao hawakuikuta CHADEMA kwenye karatasi ya kura. Chama kilikuwa kimeondolewa baada ya kukataa kutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai mageuzi kwanza, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Siku ya kura, Oktoba 29, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Mgeni hana haki ya kuwasomea wenyeji risala. Lakini nayaandika haya kwa sababu nimeisifu nchi hii kwa kutunza, na sitaki sifa yangu isomwe nusu. Amani inayotunzwa kwa kumfunga mdomo jirani si ile niliyoiona chini ya mwembe wa balozi.

Ukitoka Mikumi kuelekea Morogoro, barabara kuu hupita katikati ya hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 1964, kwa kilomita kama hamsini. Kwetu Tsavo treni hupanda tuta refu na tembo hupita chini. Hapa basi na twiga hutumia ardhi moja, na abiria wa nauli ya kawaida huona nyati bila kulipa kiingilio. Mwanzoni mwa hifadhi kuna bango lenye picha za wanyama, na mbele ya kila mnyama pameandikwa faini ya kumgonga. Tembo ana bei yake, ngiri ana yake. Dereva wetu alipunguza mwendo, na lori lililokuwa nyuma nalo likapunguza.

Nchi hii iliwahi kuwa na bango la namna hiyo kwa viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja miiko kwa orodha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Hayakuwa maneno ya jumla kuhusu uadilifu. Mwanakijiji wa Kimamba aliweza kuyahesabu na kumpima mbunge wake. Mwaka 1991, kikao cha Zanzibar kikayalegeza. Tume ya Jaji Warioba, ambayo Kabudi alikuwa mjumbe wake, ikayarudisha kwenye rasimu ya katiba kwa sura nzima ya maadili na miiko. Bunge Maalum likapitisha andiko lake Oktoba 2014, na kura ya maoni ya wananchi haijapigwa hadi leo. Bendera imebaki, mabalozi wamebaki, Kiswahili kimebaki. Miiko imeondoka. Kama kuna mhafidhina wa kweli Tanzania, ni yule mzee wa kofia ya vito aliyeniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba siku hizi kiongozi akijenga nyumba ya tatu hakuna wa kumwita kwenye kikao.

Nasi Wakenya tusijifariji. Miiko ya Arusha tunayo, tumeiandika vizuri katika Sura ya Sita ya katiba, nasi tunawaidhinisha wagombea wenye kesi mahakamani kila baada ya miaka mitano. Watanzania wana chama kilichodumu na hawana tena kanuni iliyokizaa. Sisi tuna kanuni na hatuna chama hata kimoja kilichodumu vya kutosha kuilinda. Nikilazimishwa kuchagua upungufu, nauona wetu kuwa mzito zaidi, kwa sababu kanuni isiyo na watu wa kuirithishana haiko popote.

Uchaguzi wetu ni Agosti 2027. Msomaji wangu, chama kitakachokugongea mlango, kiulize mambo matatu: kimezaliwa lini, miiko ya viongozi wake imeandikwa wapi kwa Kiswahili, na ni nani kiliyewahi kumfukuza kwa kuivunja. Kisichoweza kujibu, usikipe kura yako.